Taarifa ya Likizo ya Uzazi kwa Mwajiri: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Kariakoo na Katikati ya Jiji la Dar es Salaam

Katika maduka, maghala, saluni, migahawa na ofisi za Kariakoo, Gerezani, Mchafukoge na Kisutu, ajira nyingi huanza kwa mazungumzo ya mdomo kati ya mwenye duka na anayetafuta kazi, na mazungumzo hayo hayo ndiyo yanayoendelea kutumika pale mfanyakazi anapopata ujauzito na kuhitaji likizo. Mazoea haya huenda yakatosha pande zote mbili zikiwa na nia njema na kumbukumbu sawa, lakini humwacha mfanyakazi bila ushahidi pindi fremu inapouzwa, msimamizi anapobadilishwa, au mwajiri anapodai kuwa hakuambiwa chochote. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoa taarifa ya likizo ya uzazi kwa maandishi, kwa wakati na kwa mtu anayestahili kuipokea, ili haki iliyomo katika sheria iweze kudaiwa mahali popote itakapobishaniwa.

Unamhusu mfanyakazi wa sekta binafsi wa Tanzania Bara, ambaye haki zake zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, pamoja na marekebisho yake. Watumishi wa umma wana kanuni zao za ziada, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005.

Kwa nini taarifa itangulie

Taarifa ina kazi tatu ambazo msomaji anapaswa kuzielewa kabla ya kushika kalamu. Kwanza, inampa mwajiri muda wa kujipanga, jambo lenye uzito mkubwa katika duka lenye wauzaji wawili au watatu, ambamo kukosekana kwa mmoja kunaweza kuacha kaunta au stoo bila mtu. Pili, inaweka tarehe: tangu siku mwajiri alipoipokea, hawezi tena kudai kuwa hakuujua ujauzito, na uamuzi wowote wa ghafla wa kumwachisha mfanyakazi kazi baada ya siku hiyo utapimwa kwa kuzingatia kwamba alikuwa anajua. Tatu, inafungua ulinzi mwingine, kama vile kuepushwa na kazi za hatari na za usiku, ambao mwajiri hawezi kuutekeleza ikiwa hajaarifiwa.

Nani anahusika

Mfanyakazi asiye na mkataba wa maandishi asijihesabu kuwa yuko nje ya sheria. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu ajira yake, na mwajiri asiyeweza kuyaonyesha mbele ya vyombo vya sheria hubeba yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa. Aidha, Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inaweka dhana ya ajira, yaani hali ambayo mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwa dalili za dhana hiyo ni kwamba mtu anapangiwa saa au namna ya kufanya kazi, anamtegemea mtu mmoja kwa kipato, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita.

Kwa kipimo hicho, muuzaji anayefungua duka la mtu mwingine kila asubuhi katika Mtaa wa Congo au Mtaa wa Sikukuu ana hoja nzito ya kuwa mwajiriwa, hata kama hulipwa kwa siku. Winga anayepeleka wateja katika maduka mengi kwa kamisheni ana hoja dhaifu zaidi, isipokuwa kama anafanya kazi kwa duka moja tu na kwa masharti yake. Mama lishe na machinga wanaojiajiri hawana mwajiri wa kumwandikia, na kwa hiyo utaratibu huu hauwahusu.

Lipo pia sharti la muda: kwa kawaida, mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 hastahili likizo yenye malipo, ingawa sheria inawatambua wafanyakazi wa msimu, pamoja na wale walioajiriwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja katika mwaka, ikiwa jumla ya muda wao inavuka miezi 6.

Sheria inatoa nini

Viwango vifuatavyo ni vya chini kabisa, na mkataba wa mtu au mkataba wa hali bora uliofikiwa na chama cha wafanyakazi unaweza kutoa zaidi, lakini hauwezi kutoa pungufu.

- Siku 84 zenye malipo kwa mama aliyejifungua mtoto mmoja, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Malipo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, yaani mshahara bila posho.
- Siku 84 za ziada zenye malipo ikiwa mtoto atafariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa.
- Muda wa nyongeza kwa mama wa mtoto njiti, ulioingizwa na marekebisho ya mwaka 2025, ambao unafidia wiki zilizobaki kufikia wiki 40 za ujauzito.
- Siku 3 zenye malipo kwa baba, zinazochukuliwa ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.
- Hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi, baada ya mama kurudi.

Haki hizi huhesabiwa ndani ya mzunguko wa likizo, ambao kwa likizo zisizo za mwaka ni kipindi cha miezi 36 mfululizo. Mama anayetarajia kujifungua mara mbili ndani ya mzunguko mmoja anapaswa kupata ushauri mapema, kwa sababu siku zilizotajwa ni za mzunguko mzima. Vilevile, mwajiri analazimika kulipia vipindi 4 tu vya likizo ya uzazi kwa mfanyakazi mmoja.

Kuhesabu tarehe

Hesabu yote huanzia kwenye tarehe ya matarajio ya kujifungua, ambayo huandikwa kwenye kadi ya kliniki ya wajawazito. Sheria inataka taarifa itolewe angalau miezi 3 kabla ya tarehe hiyo, na inaruhusu likizo ianze wakati wowote kuanzia wiki 4 kabla yake, au mapema zaidi ikiwa daktari atathibitisha kuwa afya ya mama au ya mtoto aliye tumboni inahitaji hivyo. Baada ya kujifungua, mama haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki 6, isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza.

> KISANDUKU: Mfano wa hesabu
>
> Tarehe ya matarajio ya kujifungua: 20 Septemba 2026
>
> - Mwisho wa kutoa taarifa: 20 Juni 2026
> - Mwanzo wa zuio la kazi za usiku: 20 Julai 2026
> - Siku ya mapema ya kuanza likizo bila cheti maalumu: 23 Agosti 2026
> - Siku ya 84, ikiwa likizo imeanza 23 Agosti: 14 Novemba 2026
> - Mwisho wa zuio la kazi za usiku, ikiwa mtoto amezaliwa siku iliyotarajiwa: 20 Novemba 2026

Mfano huu unaonyesha jambo linalosahaulika mara nyingi, nalo ni kwamba siku zinazochukuliwa kabla ya kujifungua hutolewa katika zile 84. Mama anayeanza likizo wiki 4 kabla hubaki na wiki 8 tu baada ya mtoto kuzaliwa, ilhali anayefanya kazi mpaka karibu na siku yenyewe hubaki na muda mrefu zaidi wa kukaa na mtoto. Uamuzi huu hutegemea hali ya afya na uzito wa kazi, na unafaa kuzungumzwa na mhudumu wa kliniki kabla ya tarehe kuandikwa kwenye barua.

Hatua za kutoa taarifa

1. Kuanza kliniki mapema. Mfanyakazi anayeanza kliniki akiwa na ujauzito wa miezi 6 tayari yuko kwenye ukingo wa muda wa taarifa. Kuanza katika miezi ya mwanzo huleta faida kwa afya na kwa ajira kwa pamoja.

2. Kuomba cheti cha daktari. Sheria inataka taarifa iambatane na cheti cha kitabibu. Kadi ya kliniki inasaidia kuonyesha tarehe, lakini ni vyema kuomba cheti au barua yenye jina la mfanyakazi, tarehe ya matarajio, sahihi na mhuri wa kituo cha afya.

3. Kukusanya uthibitisho wa ajira. Asiye na mkataba akusanye vitu vinavyoonyesha kuwa ni mwajiriwa: ujumbe wa malipo ya mshahara uliopokelewa kwenye simu, taarifa ya michango ya NSSF, kitambulisho cha kazi, ujumbe wa maelekezo kutoka kwa mwajiri, au daftari la mauzo lenye mwandiko wake. Vitu hivi vihifadhiwe nyumbani, nje ya duka.

4. Kumtambua mpokeaji halali. Katika duka la familia, anayekaa kaunta mara nyingi ni shemeji, mtoto au msimamizi wa mmiliki. Barua iandikwe kwa mmiliki au kampuni, kwa jina lililo kwenye leseni ya biashara au kwenye risiti za duka, hata kama itakabidhiwa kupitia msimamizi.

5. Kuandika barua fupi. Barua itaje tarehe ya matarajio, siku ya kuanza likizo, siku inayotarajiwa ya kurudi, na kiambatisho. Maelezo ya kifamilia na ya ndoa hayahitajiki, kwani haki hii haitegemei hali ya ndoa.

6. Kukabidhi nakala mbili. Mpokeaji abaki na nakala moja, na nyingine aisaini, aandike jina lake na tarehe, kisha airudishe. Asipotaka kusaini, barua ipigwe picha na kutumwa kwenye simu ya mwajiri kwa WhatsApp siku hiyo hiyo, na shahidi aliyeshuhudia makabidhiano aandike jina lake kwenye nakala inayobaki.

7. Kuulizia mafao ya uzazi ya NSSF. Mwanachama wa mfuko huo anaweza kustahili mafao ya uzazi akitimiza masharti ya uchangiaji. Swali hili lipelekwe ofisi ya NSSF mapema, ili fomu na vyeti viandaliwe kabla ya kujifungua.

8. Kukabidhi kazi. Wiki ya mwisho kabla ya likizo, mfanyakazi aandike orodha ya fedha, mali, funguo na madeni ya wateja anayoyaacha, kisha orodha hiyo isainiwe na pande zote mbili. Hatua hii humkinga na tuhuma za upotevu unaogunduliwa akiwa nyumbani.

> KISANDUKU: Mfano wa barua
>
> (Jina la mfanyakazi)
> (Anwani na namba ya simu)
> (Tarehe)
>
> Kwa Mmiliki/Mkurugenzi,
> (Jina la biashara, mtaa, Kariakoo, Dar es Salaam)
>
> YAH: TAARIFA YA LIKIZO YA UZAZI
>
> Kwa heshima, husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ninatoa taarifa kwamba ninatarajia kujifungua tarehe ........, kama cheti cha daktari kilichoambatishwa kinavyoonyesha. Ninakusudia kuanza likizo ya uzazi tarehe ........ na kurejea kazini tarehe ........, kwa kuzingatia siku 84 zenye malipo.
>
> Endapo tarehe hizi zitabadilika kwa sababu za kitabibu, nitatoa taarifa mapema iwezekanavyo.
>
> Wako mtiifu,
> (Sahihi na jina)
>
> Imepokelewa na: ................ Sahihi: ............ Tarehe: ............

Taarifa ya baba

Sheria haikumwekea baba muda wa miezi 3, lakini siku zake 3 hupotea asipozichukua ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na ni siku 3 hizo hizo kwa mzunguko mzima wa miezi 36 bila kujali idadi ya watoto waliozaliwa. Kwa hiyo, baba mfanyakazi anashauriwa kumwarifu mwajiri kwa maandishi mwezi mmoja kabla ya tarehe ya matarajio, akieleza kuwa atachukua siku hizo mara mtoto atakapozaliwa, na kutuma ujumbe wa simu siku ya kuzaliwa. Mwajiri anaweza kudai uthibitisho kabla ya kulipa, na nakala ya tangazo la kizazi linalotolewa na hospitali au kituo cha afya inafaa kwa shughuli hiyo, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kutoka RITA hufuata baadaye.

Kazi za hatari na za usiku

Baada ya taarifa, mwajiri haruhusiwi kumpa mama mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kupandisha marobota ya vitambaa ghorofani, kushinda katika stoo yenye mivuke ya kemikali, au kusimama juu ya ngazi kupanga mizigo ni mifano ya kazi zinazopaswa kuzungumzwa. Inapowezekana, mwajiri anatakiwa kumpa kazi nyingine inayofaa, kwa masharti yasiyo duni kuliko ya awali.

Kazi za usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, zinazuiwa kwa miezi 2 kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi kwa cheti cha daktari, na kwa miezi 2 baada ya kujifungua. Zuio hili lina maana ya pekee kwa Kariakoo, ambako mpango wa kufanya biashara kwa saa 24 ulizinduliwa mwaka 2025 na ambako kuhesabu mali mara nyingi hufanyika baada ya wateja kuondoka.

Makosa ya kawaida

- Kukubali kauli ya "kapumzike, ukijifungua utarudi" bila karatasi. Kauli hii huweza kutolewa kwa huruma ya kweli, lakini bila maandishi inaweza kutafsiriwa baadaye kuwa mfanyakazi aliacha kazi mwenyewe.
- Kusaini karatasi isiyosomwa. Barua ya kuacha kazi au stakabadhi ya "malipo ya mwisho" inaweza kufunga madai yote. Mfanyakazi anayo haki ya kuomba muda wa kuisoma na kuomba nakala.
- Kumkabidhi mwajiri kadi halisi ya kliniki. Kadi hiyo inahitajika katika kila hudhurio na siku ya kujifungua. Mwajiri apewe kivuli, yaani nakala ya fotokopi.
- Kukubali likizo ya mwaka itumike badala ya likizo ya uzazi. Hizi ni haki mbili tofauti, na siku 28 za likizo ya mwaka hazifutwi na siku 84 za uzazi.
- Kufuata kanuni za nchi nyingine. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka taarifa ya maandishi ya angalau siku 7, kwa hiyo ushauri unaotoka Nairobi au Mombasa unaweza kumchelewesha mfanyakazi wa Dar es Salaam.
- Kunyamaza kwa kuwa miezi 3 imeshapita. Kifungu cha 33 hakisemi kuwa anayechelewa hupoteza likizo. Aliyechelewa aandike siku hiyo hiyo, aambatishe cheti, na aeleze sababu kwa sentensi moja.

Mwajiri akikataa

Kumwachisha mtu kazi kwa sababu zinazohusiana na ujauzito si sababu halali kwa mujibu wa kifungu cha 37, na ubaguzi kwa misingi ya ujauzito umepigwa marufuku na kifungu cha 7. Mfanyakazi anayekataliwa au kufukuzwa anaweza kufuata utaratibu huu:

1. Kuomba sababu za mwajiri kwa maandishi, na kuhifadhi jibu au kumbukumbu ya kukosekana kwake.
2. Kumwona mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kwa mfano TUICO kwa walio katika biashara na viwanda, au CHODAWU kwa walio hotelini na majumbani. Asiye mwanachama anaweza kumwona Afisa Kazi.
3. Kuwasilisha mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali kinachopatanisha na kuamua migogoro ya kazi. Anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, kama ya kunyimwa malipo ya likizo, ina siku 60.
4. Kuhudhuria usuluhishi akiwa na nakala ya barua iliyosainiwa, cheti cha daktari na uthibitisho wa ajira. Usuluhishi ukishindikana, shauri huendelea kwenye uamuzi.

Siku hizo 30 au 60 huhesabiwa hata mama akiwa wodini au nyumbani na mtoto mchanga. Tume inaweza kupokea shauri lililochelewa kwa sababu za msingi, lakini sababu hizo zinapaswa kuthibitishwa, kwa hiyo ni salama zaidi kumtuma ndugu mapema akaulizie fomu.

Kwa mwajiri anayepokea barua

Mwenye duka anayesaini barua ya taarifa hakubali jambo lolote zaidi ya kuwa ameipokea. Akijibu kwa maandishi, akaajiri mtu wa muda kwa mkataba unaotaja siku ya mwisho, na akapanga na mfanyakazi namna ya kuzitumia saa 2 za kunyonyesha, anajiepusha na mgogoro na kubaki na muuzaji anayewajua wateja na bei. Kwa mama anayeishi Mbagala au Gongo la Mboto, kukimbia nyumbani mchana na kurudi hakuwezekani, hivyo pande mbili zinaweza kukubaliana kwamba saa hizo ziwekwe mwishoni mwa siku ili atoke mapema.

Orodha ya kuhakiki

☐ Tarehe ya matarajio imethibitishwa kliniki.
☐ Cheti cha daktari chenye sahihi na mhuri kimepatikana.
☐ Barua imeandikwa kwa mmiliki au kampuni, miezi 3 au zaidi kabla.
☐ Nakala iliyosainiwa, yenye jina na tarehe ya mpokeaji, iko nyumbani.
☐ Picha ya barua imehifadhiwa kwenye simu ya mtu mwingine anayeaminika.
☐ Zamu za usiku na kazi nzito zimezungumzwa.
☐ NSSF imeulizwa kuhusu mafao ya uzazi.
☐ Makabidhiano ya fedha, mali na funguo yamesainiwa.
☐ Tarehe ya kurudi na mpango wa kunyonyesha vinajulikana kwa pande zote mbili.

Mfanyakazi aliyekamilisha orodha hii atarudi kazini kwa masharti yaleyale aliyoyaacha, kama sheria inavyotaka; na ikiwa mwajiri atamkatalia, atakuwa na tarehe, sahihi na vyeti vya kuweka mezani mbele ya msuluhishi.